Sura ya Nne: Unafanya Nini?

Januari 1974, katika mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin nchini Marekani, kampuni changa iliyoitwa TSR ilianza kuuza boksi lenye vijitabu vitatu vyembamba. Mchezo uliitwa Dungeons & Dragons, bei yake dola 10, na toleo la kwanza lilikuwa nakala 1,000 tu. Watunzi wake, Gary Gygax na Dave Arneson, walikuwa wapenzi wa michezo ya vita inayochezwa mezani kwa vijisanamu vya askari, na waliandika kwa ajili ya wapenzi wenzao. Mambo ya msingi hawakuona haja ya kuyaeleza. Msomaji alitakiwa awe tayari na kitabu kingine cha kanuni za vita, Chainmail, na akashauriwa atafute ubao wa mchezo wa kampuni nyingine kabisa, Outdoor Survival, ili autumie kama ramani ya safari za porini. Aliyenunua boksi hilo bila kuwa na mwenyeji wa kumwelekeza alikuta majedwali yamejaa, na hajui hata aanze kwa kusema nini.

Hata hivyo nakala zile ziliisha, zikachapwa nyingine, na mchezo ukasambaa. Wengi walioushika hawakuushika kwa kusoma. Walikaa mezani na mtu aliyekwisha kuucheza, wakaulizwa swali moja, wakajibu, na muda si mrefu wakawa wamezama. Sura hii inahusu swali hilo na namna ya kumuuliza mgeni. Ninachotaka kusema ni kwamba mgeni hahitaji kujua kanuni ili acheze. Anahitaji hali inayomlazimisha aamue, na anahitaji kuona kwamba alichoamua kimebadilisha kitu. Kanuni atazipata moja moja, kila moja siku itakapohitajika.

Mchezo wenyewe

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuuona, mambo yako hivi. Mezani wanakaa watu wanne au watano. Mmoja ni mwendesha mchezo. Wengine kila mmoja ana mhusika wake, labda mpiganaji, labda mganga, labda mwizi mwenye vidole vyepesi. Mwendesha mchezo anaeleza mahali walipo na kinachotokea, kisha anauliza: unafanya nini? Mchezaji anajibu kwa maneno yake mwenyewe. Jambo likiwa jepesi, linatendeka hapo hapo. Likiwa na mashaka, dadu inarushwa. Mwendesha mchezo anasema kilichotokea, na swali linarudi.

Mfikirie bibi anayewasimulia wajukuu ngano ya Sungura na Fisi, halafu mjukuu mmoja anasema, "Bibi, mimi nipo pale nyuma ya mti, na namshika Fisi mkia." Katika ngano ya kawaida bibi angemnyamazisha. Katika mchezo huu bibi analazimika kusema Fisi alifanya nini alipoona ameshikwa mkia, na hadithi inaendelea kutoka hapo. Hakuna mshindi wala mshindwa, na hadithi inaweza kuchukua jioni moja au miaka mitatu.

Waliocheza kabla ya kitabu

Ni vyema kujua kwamba mchezo huu ulichezwa kwanza, ukaandikwa baadaye. Mwaka 1969, katika eneo la miji pacha ya Minneapolis na St. Paul, David Wesely aliandaa mchezo wa vita uliofanyika katika mji wa kubuni wa Kijerumani uitwao Braunstein. Badala ya kumpa kila mchezaji jeshi, aliwapa baadhi yao nafasi za watu wa mjini. Nia yake ilikuwa vita vianze baada ya maandalizi mafupi. Vita havikuanza. Wachezaji walizunguka mjini, wakapanga njama, wakamwendea na maombi ambayo hakuyaandalia kanuni yoyote, hata wawili wakataka kupigana wenyewe kwa wenyewe. Ilimbidi aamue papo kwa papo. Jioni ile aliiona kuwa imemharibikia. Wachezaji walirudi kumwomba nyingine.

Mmoja wao alikuwa Arneson. Mwaka 1971 aliwatengenezea wenzake nchi ya kubuni, Blackmoor, yenye ngome na mahandaki chini yake. Kanuni nyingi zilikaa katika madaftari yake na kichwani mwake. Mchezaji alisema anachotaka kufanya, Arneson akamwambia kilichotokea. Mwishoni mwa mwaka 1972 alisafiri hadi Lake Geneva, akamchezesha Gygax mchezo huo. Gygax hakupewa kitabu asome, kwa kuwa kitabu hakikuwepo. Aliingia handakini akiwa mchezaji mgeni kama mgeni mwingine yeyote. Muda mfupi baadaye alichora mahandaki yake mwenyewe chini ya ngome ya Greyhawk, na wa kwanza kuingia humo walikuwa watoto wake wawili, Ernie na Elise.

Hapo ndipo kwenye kichekesho cha historia hii. Wakati mchezo haujaandikwa, hata watoto waliuingia bila taabu. Ulipoandikwa, watu wazima wenye elimu zao walikwama ukurasa wa tatu. Tatizo halikuwa ugumu wa mchezo. Kitabu kilibeba kanuni, kikaacha nje yule mtu aliyekaa mezani na kuuliza.

Miaka kumi ya kutafuta mlango

Wa kwanza kulishughulikia tatizo hilo kwa dhati alikuwa daktari wa mishipa ya fahamu, J. Eric Holmes, aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Southern California. Alijitolea kuandika upya kanuni kwa ajili ya wanaoanza, na boksi lake lilitoka mwaka 1977. Alivipanga vile vijitabu vya awali vikawa kitabu kimoja cha kurasa 48, na akaishia kwenye ngazi tatu za mwanzo za kukua kwa mhusika, yaliyobaki yangesubiri. Mwaka 1981 Tom Moldvay alilisafisha zaidi toleo hilo, akaeleza kila neno geni, na ndani ya boksi mkawemo mkasa kamili uliotungwa na Gygax, The Keep on the Borderlands, ili mwendesha mchezo mpya asianze na karatasi tupu.

Hatua kubwa ilipigwa mwaka 1983, katika boksi jekundu la Frank Mentzer. Msomaji alipofungua kitabu cha mchezaji hakukutana na orodha ya kanuni. Alikuta anaambiwa kwamba yeye ni mpiganaji, ana upanga, anaelekea pangoni kutafuta hazina. Akakutana na goblini, kijitu kifupi chenye hila, akajifunza kupiga. Akakutana na nyoka, akajifunza kwamba mhusika anaweza kuinusuru nafsi yake dhidi ya sumu kwa kurusha dadu. Akamkuta Aleena, kasisi mwanamke aliyemtibu na kumweleza mambo ya dunia ile kwa upole. Kisha akatokea mchawi Bargle, akamuua Aleena kwa mshale wa uchawi.

Wako watu wazima leo ambao hawakumbuki hata kanuni moja ya boksi lile, lakini Bargle bado wanamchukia. Mentzer alimpa mgeni sababu ya kujali kabla ya kumpa jedwali. Kila kanuni ilifika mikononi mwa msomaji wakati hatari iliyoihitaji iko mbele yake, kwa hiyo ilibaki.

Farasi wawili barabarani

Wizards of the Coast, kampuni iliyoinunua TSR mwaka 1997, ilitoa boksi jipya la wanaoanza mwaka 2014. Ndani mlikuwa na dadu, kitabu chembamba cha kanuni, wahusika watano waliokwisha kukamilika, na mkasa uitwao Lost Mine of Phandelver. Tuutazame mwanzo wake kwa karibu, maana umefundisha watu wengi.

Wachezaji wanasindikiza gari la mizigo kutoka mji wa Neverwinter kwenda Phandalin. Njia inapiga kona. Mita kama 15 mbele yao wamelala farasi wawili, wamekufa, wameziba barabara, na miilini mwao imechomekwa mishale yenye manyoya meusi. Vichaka vimebana pande zote mbili.

Unafanya nini?

Hakuna anayehitaji maelezo ya ziada. Asiyejua chochote kuhusu dunia ya Neverwinter anajua kwamba farasi hawajiui. Mmoja atataka kwenda kuwakagua, mwingine atataka kurudisha gari nyuma, wa tatu atauliza farasi hao ni wa nani. Majibu yote hayo ni sahihi, na yote yana matokeo. Vichakani wamejificha goblini wanne, kwa hiyo wachezaji hata wakisita, kuna kitakachotokea. Mwanzo mzuri ni wa namna hiyo: mgeni anauelewa kwa mara moja, ana njia zaidi ya moja ya kuujibu, na hali haimsubiri.

Linganisha na mwanzo ambao waendesha mchezo wapya wengi huuchagua. Wanaanza kwa historia ya falme saba na miungu yake, kisha wanawaweka wachezaji katika mgahawa na kuwaambia, "Haya, mnataka kufanya nini?" Mzoefu atajua la kufanya. Mgeni atatazama chini, kwa sababu hajaulizwa swali; ameachiwa uwanja mtupu.

Kabla wageni hawajafika

Waalike watatu au wanne, wasizidi watano. Wakiwa wengi, zamu ya kila mmoja inachelewa na simu zinatoka mifukoni. Panga saa mbili au tatu, na mkasa unaoweza kuisha siku hiyo hiyo.

Usiwaambie watengeneze wahusika. Kazi hiyo, kwa kanuni za leo, inaweza kumla mgeni saa nzima, na inamtaka achague kati ya mambo ambayo hajaona yanatumikaje. Waandalie wahusika sita, kila mmoja kwenye nusu karatasi: jina, kazi, mambo mawili anayoyaweza sana, moja asiloliweza, na kitu kimoja alichobeba. Kila mgeni achague anayempenda. Halafu muulize maswali mawili, ambayo majibu yake utayaandika: mhusika wako anamfahamu nani kati ya hawa waliokaa hapa, na ni kitu gani hawezi kuvumilia? Kwa majibu hayo mhusika amekuwa wake.

Kuhusu dadu, mchezo huu una za pande 4, 6, 8, 10, 12 na 20. Siku ya kwanza itoshe ya pande 20. Hesabu yake ni nyepesi: kila upande ni asilimia 5. Anayehitaji 11 au zaidi ana nusu kwa nusu. Mwenye ustadi wa kuongeza 3 anafika asilimia 65. Ukimweleza mgeni hivyo, atajua mwenyewe lini ahatarishe. Dadu za namna hii si rahisi kuzipata madukani kwetu, lakini hilo lisimzuie mtu. Mwaka 1979 ziliadimika hata kwa TSR yenyewe, ikabidi baadhi ya maboksi yawekwe karatasi za namba za kukata na kuchomoa kwenye kikombe. Kata vipande 20, tia kikombeni, tikisa.

Kitabu nacho kisikutie gharama. Januari 2023 Wizards of the Coast iliweka sehemu kubwa ya kanuni za msingi za toleo la tano chini ya leseni ya Creative Commons. Yeyote anaruhusiwa kuzinakili, kuzitafsiri na kuzichapa, hata kwa Kiswahili, mradi ataje zilikotoka.

Kikao chenyewe

Tuseme kijana anamchezesha shangazi yake, mama wa makamo ambaye mchezo wa meza anaoujua ni karata. Kijana ameuweka mkasa Kilwa Kisiwani enzi za masultani, mahali ambapo shangazi hahitaji kuelezwa jahazi ni nini wala pepo za kusi zinavumaje. Mhusika wa shangazi ni mfanyabiashara wa nguo.

"Shangazi, alfajiri. Jahazi limeingia bandarini tanga likiwa juu, linajiendea tu. Hakuna mtu sitahani. Shehena unaiona imefungwa vizuri. Unafanya nini?"

"Mimi? Niko peke yangu?"

"Uko na mlinzi wako."

"Basi mimi siendi. Namtuma yeye."

Hapa waendesha mchezo wengi hukosea. Wanakuwa wameandaa mambo ya ndani ya jahazi, hivyo wanaanza kumshawishi mchezaji apande. Kijana huyu hafanyi hivyo.

"Mlinzi anakutazama, anatazama jahazi. Anasema kazi hii haikuwemo kwenye mapatano. Anataka ujira mara mbili."

"Mwanangu, mwambie nusu anachukua sasa, nusu akirudi."

"Anacheka, anakubali. Ameogelea, amepanda. Kimya. Halafu unasikia anapiga ukelele mmoja, na jahazi linaanza kugeuka kuelekea baharini. Kamba yake inaburuta majini karibu yako."

"Naishika!"

Sasa ndipo dadu inapotoka. Kijana anamwambia anahitaji 11 au zaidi, shangazi anarusha, inakuja 7. Mwendesha mchezo mvivu angesema, "Umeshindwa," na mambo yangeishia hapo. Kijana anasema: "Kamba umeishika, lakini jahazi lina nguvu kukushinda. Linakukokota. Maji yamefika kiunoni. Unaachia, au unaenda nalo?"

Kwa dakika tano shangazi amejifunza mambo matatu bila kufundishwa: kwamba anaweza kukataa njia aliyowekewa, kwamba watu wa hadithi hii wana matakwa yao, na kwamba dadu mbaya haimfungii mlango, inamfungulia mwingine wenye shida zaidi. Hakuambiwa neno lolote kuhusu ngazi, alama za uhai wala zamu za vita. Akipigwa rungu ndani ya jahazi, hapo ataelezwa alama za uhai, na atasikiliza kwa masikio yote mawili.

Wazoefu, na wasiosema

Anayemharibia mgeni mchezo mara nyingi ni rafiki mwenye nia njema. Mgeni anaulizwa anafanya nini. Kabla hajafumbua mdomo, mzoefu wa pembeni ameshamshauri silaha bora. Mgeni anatii, anafanikiwa, na hajacheza. Zungumza na wazoefu mapema: kanuni waieleze pale tu mgeni anapoiuliza. Na wape kazi. Katika kanuni za Moldvay za mwaka 1981 kulikuwa na wachezaji wawili wenye majukumu maalumu, mmoja akichora ramani ya njia waliyopita na mwingine akimwambia mwendesha mchezo uamuzi wa kundi zima. Hilo la pili liache kabisa mbele ya wageni, maana linawapokonya sauti. La kwanza mkabidhi mzoefu wako msemaji. Akishughulika na kalamu na karatasi, wengine watapata nafasi.

Yuko pia mgeni asiyesema. Usimuulize, "Na wewe je?" mbele ya macho ya wote, atasema yuko sawa. Muulize kuhusu jambo ambalo mhusika wake peke yake anaweza kulijua: "Wewe ni mganga. Harufu hii ya dawa inayotoka shimoni, umewahi kuinusa wapi?" Hilo haliwezi kujibiwa kwa kuinua mabega, na akijibu, jibu lake liwe kweli ya mkasa. Akisema aliinusa kwa mwalimu wake aliyemfukuza, basi mwalimu huyo yumo shimoni.

Jambo la mwisho ni mipaka. Watu wanapobuni pamoja bila kujua hadithi inaelekea wapi, inaweza kufika mahali panapomuumiza mmoja wao: kifo cha mtoto, ubakaji, mateso. Kabla ya kuanza, waulize wote ni mambo gani wasingependa kukutana nayo, nawe usidai sababu. John Stavropoulos alibuni njia nyingine inayotumika sasa kwenye meza nyingi: kadi yenye alama ya X inayowekwa katikati. Yeyote akiigusa, jambo lililokuwa likisimuliwa linaondolewa au linarukwa, bila maelezo. Kwa mgeni anayeona haya kusema mbele ya watu wa rika au heshima tofauti na yake, kugusa kadi ni rahisi kuliko kukatiza maongezi.

Baada ya hapo

Maliza mapema kuliko wanavyotaka. Kisha waulize kitu kimoja tu: ni wakati gani walikuwa wanafikiri kwa bidii zaidi? Mmoja atataja mapambano, mwingine atataja majadiliano na mlinzi, na mkasa wa pili utaujenga juu ya majibu hayo. Katika kikao cha pili mpe kila mmoja ukurasa mmoja wa kanuni, zile tu walizokwisha kuzitumia. Katika cha tatu, anayetaka atengeneze mhusika wake mwenyewe. Sasa anajua anachagua nini.

Na ikifika cha nne au cha tano, mwachie mmoja wao kiti chako kwa jioni moja. Wesely alimchezesha Arneson, Arneson akamchezesha Gygax, Gygax akawachezesha watoto wake, na hakuna kati yao aliyesubiri kuhitimu kanuni ndipo akae kiti kile. Mgeni wako anahitaji hali moja nzuri ya kuanzia na uvumilivu wa kusikiliza jibu asilolitarajia. Namna ya kuzibuni hali hizo, na jinsi ya kuandaa mkasa kwa ukurasa mmoja, ndiyo kazi ya sura inayofuata.